Mashati ya "hayahitaji pasi" yananiwasha, naombeni ushauri

Abiria wa Kimara
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nimepata kazi mpya Posta, kazi ya tai na shati jeupe kila siku. Kwetu umeme ukikatika alfajiri ndiyo basi tena, kwa hiyo nikashuka Kariakoo nikachukua mashati matatu ya yale "hayahitaji pasi". Lebo inasema pamba asilimia 100. Sifa yake lazima niitoe: unafua usiku, unatundika kwenye henga, asubuhi limenyooka kama karatasi.

Wiki ya pili nikaanza kuwashwa. Shingoni pale kola inapogusa, kwenye mikunjo ya viwiko, na makwapani. Ukishabanwa ndani ya mwendokasi na jasho linatiririka, unatamani ujikune mbele za watu na aibu uiache kituoni. Nimebadili sabuni ya kufulia, nimeacha manukato, nimepaka dawa ya fangasi, wapi! Jumapili nikishinda na fulana na msuli natulia kabisa. Jumatatu tunaanza upya.

Hivi pamba inaweza kumdhuru mtu? Natanguliza shukrani.

Sista Zamu
Pole kaka. Kabla ya yote, hivyo vipele vya kwapani viko katikati penye nywele, au pembezoni?

Abiria wa Kimara
Pembezoni, dada. Nimesogea kwenye kioo sasa hivi, katikati hamna kitu.

Sista Zamu
Basi hata mimi nalishuku shati. Mafuta ya kuzuia jasho yakimkataa mtu, mara nyingi anaharibika pale katikati, ndipo anapoyapaka. Nguo inasugua kingo za kwapa, shingo na viwiko, kama ulivyoeleza.

Na pamba usiisingizie. Pamba kwa asili yake inakunjamana: ndani ya uzi kuna vifungo vidogo ambavyo unyevu unavilegeza, ukikaa vinajifunga upya kwa mkao ule ule uliokalia, mkunjo unabaki. Ili isikunjamane, kiwandani wanakilowesha kitambaa kwenye dawa ya jamii ya gundi halafu wanakikausha kwa moto mkali, nyuzi zinashikiliwa zisihame. Dawa iliyozoeleka zaidi inatengenezwa kwa fomaldehaidi, ile ambayo ikichanganywa na maji tunaiita fomalini. Masalia yake yanabaki kwenye nguo, na joto na jasho vinayatoa kidogo kidogo. Lebo yako haikudanganya, ni pamba tupu kweli. Ila lebo inataja uzi, dawa haiitaji.

Chizi Fresh
Fomalini si ndiyo ya mochwari? Kumbe jamaa ameanza kuhifadhiwa mapema 😂😂

Sista Zamu
Wewe nawe! Mwenzio anawashwa.

Binti Mbagala
Jamani si wanasema inaleta saratani? Nina sare za watoto za namna hiyo hiyo.

Mstaafu wa Ubungo
Binti, tulia. Nimekula miaka yangu kwenye kiwanda cha nguo, nikueleze. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, lakini ushahidi wake unatokana na watu wanaoivuta kwa pumzi, hasa kazini, miaka na miaka. Kwa mvaaji shida kubwa ni ngozi, tena si kila ngozi.

Wenzetu wana vipimo. Japani waliweka sheria mwaka 1973: nguo inayogusa ngozi isizidi sehemu 75 katika milioni, ya mtoto mchanga 16. Mwaka 2010 wakaguzi wa serikali ya Marekani walipima nguo na mashuka 180, zilizovuka 75 zilikuwa 10. Kwa hiyo nyingi si mbaya, lakini dukani huwezi kujua iliyovuka ni ipi. Sare mpya ifue mara mbili tatu kabla mtoto hajaivaa. Kufua kunapunguza sana ile iliyolegea, ila iliyofungwa ndani ya kitambaa hiishi kwa kufua mara moja.

Mzee wa Mnada
Ndiyo maana mimi ni Ilala tu, mitumba. Wazungu wameshanifulia bure miaka mitano.

Fundi Tandika
Mzee wa Mnada una hoja, ila kola ya shati la namna hiyo likishazeeka inachanika palepale kwenye mkunjo. Ile dawa inaukakamaza uzi. Nazitoa hizo kola kila wiki.

Mkuu Abiria, sisi mafundi tunazitambua hivi. Weka pasi ya mvuke juu ya kitambaa kipya, unuse. Kikitoa harufu kali, au shombo kama la samaki, kimetiwa dawa. Ukiambiwa pamba na una wasiwasi, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inanuka karatasi na majivu yanapukutika, polista inayeyuka inaganda kama ushanga. Ila moto utakwambia uzi tu, dawa hautakuonyesha.

Nunua poplini ya kawaida nikushonee. Itakunjamana, ndiyo, wewe hukuajiriwa kama sanamu.

Mama Vitenge
Mwanangu, sisi mama zetu walipiga wanga. Unga wa muhogo vijiko viwili unaukoroga kwenye maji ya baridi, unamimina maji ya moto mpaka uwe uji mwepesi, unauchuja, unachovya shati. Usilikamue kwa hasira. Likung'ute, litundike kwenye henga, vifungo vifungwe, kola uinyooshe kwa vidole. Likiwa bado na unyevu kwa mbali, pasi dakika tatu. Umeme ukiwepo jioni, piga matano ya wiki kwa mkupuo.

Kitani nacho hakichomi kwa joto la hapa, ila kukunjamana kinaizidi pamba, bosi wako atadhani umelala nacho. Na kitenge cha Ijumaa kichague vizuri, siku hizi vingine ni polista tupu.

Abiria wa Kimara
Mrejesho, wakuu. Dukani wamenijibu mali ikishauzwa hairudi. Nimeyaacha wiki mbili, nikavaa mashati yangu ya zamani na singlendi ya pamba ndani. Shingo imepona, kwapa limebaki weusi kidogo. Kliniki ya ngozi nimepangiwa Alhamisi, wanibandike vile vipimo vya mgongoni kujua hasa kinachonikataa. Mashati mapya shemeji anafutia bodaboda.

Fundi, uko Tandika sehemu gani? Nimechukua mita tano za poplini nyeupe.

Fundi Tandika
Nakuja inbox. Kwanza iloweke hiyo poplini usiku kucha, uikaushe ndiyo uniletee. Nikiikata kabla haijarudi, utakuja kunilaumu shati limekuwa la mwanao.