Naomba ushauri: kuficha baadhi ya watu kwenye CiviCRM

Asalaam aleikum na habari zenu wakuu, nimekwama naombeni msaada. Tuko na kaofisi ketu kadogo ka kujitolea huku Likoni, Mombasa, tunatumia CiviCRM (programu ya kuweka rekodi za watu) ndani ya WordPress, ile ya kuendesha tovuti, kuweka wafadhili, wanachama na pia kina mama wanaokuja kuripoti dhuluma za nyumbani. Hapo kwa kina mama ndo shida, mtaa wenyewe huu kila mtu amjua mwenzake, na vijana wanaotuingizia data wanaona majina na namba zao zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tuiwache kando, ni aibu tu.

Nilitengeneza grupu ya hao kina mama nikaweka ACL (kanuni ya nani aruhusiwe kuona nini) washauri wawili tu ndo waione. Wapi! Vijana bado wanaona kila kitu. Kumbe role yao (aina ya akaunti yao) kule WordPress ina ruhusa ya kuona na kuediti kontakti zote na hiyo ndo ilikuwa inashinda ACL yangu. Nikaitoa, sasa hawaoni mtu hata mmoja, mpaka mfadhili waliyemuingiza wenyewe asubuhi, wakisevu tu anapotea.

Sasa je, nitengeneze smati grupu (grupu inayojijaza yenyewe kwa vigezo) ya wote wasiokuwa kwenye ile ya kina mama halafu niwape vijana ACL ya hiyo, ama kuna njia safi zaidi? Na mtu mpya ataonekana hapo hapo au mpaka kashe (ile orodha iliyohifadhiwa kwa muda) ijisafishe?

Najaribia kwa kopi ya mfumo, si ule wenyewe, msijali. Shukran.