Marr au Belew: nani wa kumsikiliza ukianza kupigia bendi za watu?

Mpenda_Nyuzi: Wakuu habari zenu. Bendi yetu imesambaratika na nimeanza kuitwa kupigia watu wengine, huku wanataka hivi kule wanataka vile, sasa nataka nichague mpiga gitaa mmoja nimsikilize kwa kina nijue namna ya kuingia kwenye muziki wa mwenzako. Nimebaki na wawili, Johnny Marr wa Manchester na Adrian Belew wa Marekani. Nyie mngeanza na nani?

kapo_ya_pili: Marr. Bendi yake The Smiths katoka 1987 ana miaka 23 tu, halafu cheki bendi alizopita: The The, Electronic na Bernard Sumner wa New Order, baadae akavuka mpaka Marekani kwa Modest Mouse, tena kama memba kabisa, na albamu yao ya 2007 ikashika namba 1 kwenye chati ya Billboard. Kisha The Cribs. Anatunga nao, na humsikii akikimbilia solo ndefu, anajaza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hicho ndo unachokitaka mkuu.

Kelele_Tamu: Marr fundi sikatai, ila kuitwa kupigia watu ndo maisha ya Belew hasa. Frank Zappa, mwanamuziki mwenye bendi yake, alimchukua 1977 na jamaa hasomi nota, ikabidi wikiendi aende nyumbani kwa Zappa afundishwe nyimbo kwa sikio kabla wenzie hawajaanza mazoezi Jumatatu. Mwaka uliofuata yuko na mwimbaji David Bowie. Kwenye Lodger, albamu ya Bowie ya 1979, walimwambia piga tu, nyimbo zenyewe hajawahi kuzisikia, wakachukua vipande vizuri vya alichopiga wakaviunga vikawa solo. 1980 yuko na Talking Heads kwenye Remain in Light, 1981 King Crimson, huko gitaa inalia kama tembo!! Graceland ya Paul Simon yumo, Nine Inch Nails yumo. Wanamwita kwa sababu ana kitu ambacho wao hawana.

kapo_ya_pili: Hapo ndo naogopa sasa, mtu akianza na Belew atabeba milio yake hata kwenye wimbo usioitaka.

Kelele_Tamu: Sikiliza Discipline ya King Crimson mkuu, yeye na mpiga gitaa mwenzie Robert Fripp wanapokezana nota moja moja mpaka hujui nani kapiga ipi. Mtu asiyesikiliza mwenzie hawezi kupiga vile.

dada_wa_besi: Mimi napiga besi, nimekaa pembeni ya wapiga gitaa wa aina zote mbili, na anayenichosha ni yule anayejaza kila nafasi, awe na milio au hana. Hata Marr ana milio yake jamani, How Soon Is Now, wimbo wa The Smiths wa 1984, ule mtetemo unatoka kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa), yeye na prodyuza John Porter kila mmoja upande wake wanazungusha vinobu kuufukuzia mdundo, ukipotea wanasimamisha tepu wanarudi nyuma wanaanza tena. Wamehangaika hivyo ili mlio ukae kwenye ngoma. Kwanza huyo unayempigia anaimbaje?

Mpenda_Nyuzi: Dada asante, swali zuri. Anaimba taratibu, sauti ya chini, na kinanda kinajaza sana katikati. Nadhani naanza na Marr, nafunga kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha sauti, nipande juu ya kinanda. Belew namweka kwa ajili ya wale wengine walioniambia nije na chochote nilicho nacho, hao hata wimbo hawajanitumia bado.