Kwa nini vibrato kwenye fidla ya umeme husikika kama king'ora?

Swali
Ndugu zangu, napiga fidla katika kikundi cha taarab, na siku hizi mazoezi ya usiku nayafanyia kwenye fidla ya umeme isiyo na sanduku, nikisikiliza kwa hedifoni ili nisiwaamshe majirani. Vibrato, yaani kule kutikisa kidole juu ya uzi, naipiga vilevile, lakini fidla ya mbao hutoa sauti hai, ilhali hii ya umeme hupandisha na kushusha noti tu, mithili ya king'ora. Je, kasoro ni ya mkono wangu?

Jibu la kwanza
Mkono wako hauna kosa. Kidole kinapoyumba, kwa kawaida mara 5 hadi 7 kwa sekunde, hurefusha na kufupisha uzi, nayo noti huyumba pamoja nacho. Hata hivyo, noti moja ni mitetemo mingi: ukipiga noti ya A ya 440 Hz (mizunguko 440 kwa sekunde), uzi hutoa pia 880, 1,320 na kuendelea, na badiliko la 5 Hz kwenye mtetemo wa kwanza huwa la 50 Hz kwenye wa kumi. Sanduku la mbao haliipokei mitetemo yote kwa nguvu sawa, kwani mwitikio wake una vilele na mabonde yaliyosongamana; hivyo kila mtetemo unapoyumba, mmoja hukwea kilele na kuvuma wakati mwenzake anateremka na kufifia. Sikio husikia rangi ya sauti ikimetameta, si noti inayoyumba peke yake. Mwaka 1973 watafiti Max Mathews na Kohut walichapisha majaribio ya kuviiga vilele hivyo kwa saketi za elektroniki.

Jibu la pili
Naongeza habari ya chumba. Ukumbini, sauti inayotoka sasa huchanganyika na ile iliyorudishwa na kuta, ambayo iliondoka uzini kidole kikiwa mahali pengine. Hedifoni haina kuta. Weka mwangwi kidogo kwenye amplifaya. Ila kuhusu mkono sikubaliani moja kwa moja: asiyesikia mmeto huelekea kupanua mtikiso, na mazoea hayo huyarudisha kwenye fidla ya mbao.

Muuliza swali
Nashukuru. Mwangwi umesaidia, na kweli nilikuwa nimepanua mtikiso. Nimerudi pia kwenye fidla ya mbao nikapanda nusu toni baada ya nusu toni kwa mtikiso uleule: noti nyingine humeta sana, na jirani yake hukaribia kutulia. Sasa naelewa sababu.