Simba wa kreta ya Ngorongoro: wananenepa, sasa kuzaana ndugu kwa ndugu kunawadhuru wapi?

MdauKaratu:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Simba wa kreta wanasemwa ni ukoo mmoja, lakini ukiwatazama wameshiba na watoto wapo. Shida iko wapi hasa?

Kichaka:
Mkuu, anzia 1962. Mvua zilizidi, nzi wang'atao aina ya Stomoxys wakafurika, simba wakajaa vidonda hadi kuwinda kukawashinda. Kutoka simba 60 hadi 75 wakabaki kama 10. Baadaye madume 7 waliingia kutoka nje na idadi ikapanda tena, ila waliofuata wote ni uzao wa hao wachache. Wingi ulirudi, utofauti wa vinasaba haukurudi. Maabara ilikuta mbegu za madume wa kreta zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti, na hilo huwezi kuliona ukiwa kwenye gari.

Nasaba:
Usihesabu vichwa, hesabu wanaozaa. Kanuni: 4 × madume × majike, gawanya kwa jumla yao. Mfano, madume 4 na majike 40: 640 ÷ 44 = 14.5. Yaani simba hao 44 wanapoteza utofauti kwa kasi ya kundi la 15 hivi, takribani asilimia 3.4 kila kizazi. Madume wawili wakishika eneo lote, ni balaa.

Jeni za kinga zikifanana, kirusi kinachomuweza mmoja kina nafasi kubwa ya kuwaweza wenzake. Mwaka 2001 distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) na babesia (vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe) viliwapiga simba wa kreta kwa pamoja, ingawa tuseme ukweli, ukame wa 2000 ulichangia sana. Serengeti nayo, yenye utofauti mkubwa, ilipoteza karibu theluthi ya simba kwa distempa mwaka 1994.

MdauKaratu:
Kwa hiyo waletwe simba wa nje?

Kichaka:
Florida, Marekani, walifanya hivyo kwa puma (paka mwitu mkubwa) mwaka 1995: majike 8 kutoka Texas, 5 wakazaa. Mikia iliyopinda na korodani zisizoshuka zikapungua, idadi ikapanda. Kwa kreta, mimi naona bora kulinda njia ya kutoka Ndutu, upande wa Serengeti, madume vijana wapite kwenye maeneo ya wafugaji bila kuuawa. Kiwango cha chini kinachotumika ni mgeni mmoja kwa kila kizazi, tena awe amezaa. Akifukuzwa na madume wenyeji kabla ya kupanda jike, hahesabiki.