MREJESHO: Mashua nne za zamani, kuuza au kuhama nazo?

Niliuliza kama niuze mashua zote nne kabla ya kuhama. Asanteni kwa ushauri. Uamuzi: mbili zinauzwa, moja inahama, moja inavunjwa.

Kilichoamua ni ukaguzi, si umri. Kwenye zile tatu za mbao, choma kwa ncha ya bisibisi kando ya mkuku (mti mkuu wa chini), miguuni mwa mataruma (mbavu za mashua) na kwenye ubao wa tezi (nyuma ya mashua). Ncha ikizama bila kukaza mkono, mbao imeoza. Maji ya mvua ndiyo adui mkubwa hapo kuliko ya chumvi, maana chumvi huzuia kuvu. Iliyooza mkuku na mataruma haifai kuuzwa kama chombo. Ng'oa misumari ya shaba na vyuma, viuze peke yake.

Ya faibaglasi, igonge kwa nyundo ya plastiki. Mlio mkavu ni salama, mlio mzito unaashiria tabaka zimeachana au maji yamepenya. Injini nayo, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): vipimo vya silinda vikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, mweleze mnunuzi mapema.

Inayohama isikauke sana. Mbao zikisinyaa, kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) hulegea na mashua huvuja ikirudi majini, hadi zivimbe tena. Kwenye trela, uzito ukae juu ya mkuku. Vishikizo vya pembeni vizuie kuyumba tu. Turubai liachie nafasi ya hewa.

Hati za umiliki nimezitenganisha, kila chombo na yake.