Naomba ushauri: mkunga au daktari bingwa kwa mwenye kovu la upasuaji?

Ndugu zangu, mjamzito wa wiki 30, aliyejifungua kwa upasuaji mara moja, anataka kujaribu njia ya kawaida. Kliniki, presha na mkojo mkunga anavimudu vizuri. Hofu ni siku ya uchungu: kovu la mji wa mimba likichanika, mara nyingi mapigo ya moyo ya mtoto hushuka ghafla, na hapo chumba cha upasuaji, damu ya kundi lake na mtaalamu wa usingizi lazima viwe tayari, hata saa nane usiku. Mkunga na daktari wagawane kazi vipi? Faili la upasuaji likikosekana, mkato wa ndani, wa kulala au wa kusimama, utajulikanaje? Kovu la nje halitoshi kuuonyesha.