Gemu za zamani na michezo ya mezani kwa likizo ya Desemba: nipange vipi ili familia nzima icheze?

Mrombo wa Mjini (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Kama ilivyo desturi yetu, wiki ya Krismasi tunapanda kwenda Rombo, na mwaka huu karibu watoto wote wa babu na bibi wamethibitisha kufika, kwa hiyo nyumba itakuwa na watu wa kila rika, kuanzia babu mwenyewe mpaka wajukuu wa darasa la pili. Miaka ya karibuni nimeona kwamba misa ikiisha na nyama ikishaliwa, kila mtu huinamia simu yake, na mazungumzo yanayobaki ni ya kuulizana chaja iko wapi. Ndiyo maana nimeamua kubeba michezo tuliyokua nayo.

Nina ile mashine ya kaseti ya miaka ya tisini, ya aina zilizonakiliwa kutoka Famicom ya Nintendo, pamoja na bunduki yake ya kupigia bata wa kwenye skrini. Nina PlayStation 2 yenye pedi mbili na diski za gemu za mpira wa miguu, ludo yenye nyoka na ngazi upande wa pili, na karata. Babu naye ana bao lake la mninga, ambalo sasa linakaa juu ya kabati kwa sababu wachezaji wenzake wengi wametangulia mbele ya haki.

Ninaomba ushauri katika mambo mawili. Runinga ya kule nyumbani sasa ni bapa, ile ya zamani ya chogo ilishahamishiwa stoo, na shemeji yangu anasisitiza kwamba tangu nchi ihamie kwenye matangazo ya dijitali mashine za kaseti haziwezi kuonekana tena. Je, ni kweli? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: nipange vipi michezo hii ili wasicheze vijana wawili huku wengine wote wakiwatazama mpaka wachoke na kurudi kwenye simu zao?

Fundi Redio (Arusha)

Shemeji yako anachanganya mambo mawili yasiyohusiana. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kulihusu mawimbi yanayorushwa na vituo vya televisheni, ilhali mashine yako haipokei chochote kutoka hewani. Inatengeneza picha yake yenyewe na kuipitisha kwenye waya. Ikiwa ina matundu ya njano na jeupe, chomeka waya za AV, yaani za picha na sauti, kwenye runinga na umemaliza. Ikiwa ina waya wa antena peke yake, iwashe kwanza, kisha iamuru runinga itafute stesheni za analojia, kwa kuwa runinga bapa nyingi bado zina uwezo huo. Na kama runinga ina matundu ya HDMI tu, yale ya kisasa ya picha na sauti, nunua kibadilishaji cha kutoka AV kwenda HDMI, lakini soma maandishi yake vizuri dukani, kwa sababu kile kinachofanya kazi kinyume chake, yaani HDMI kwenda AV, kinafanana nacho kabisa na wauzaji huvichanganya.

Kabla ya kuichomeka mashine ukutani, angalia adapta. Lazima volti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya mashine, na vilevile ncha chanya na hasi ziwe upande unaotakiwa, maana mashine hizi hazifuati mpangilio mmoja na adapta ya redio iliyookotwa kabatini yaweza kuiua kwa sekunde moja. PlayStation 2 nayo ikague: ile iliyoletwa moja kwa moja kutoka Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, wakati wetu ni 230.

Kuhusu kaseti zisizosoma, sote tulizoea kuzipuliza, na kwa kweli zilikuwa zikikubali. Lakini kilichozisaidia ni kule kuchomolewa na kuchomekwa upya, wakati unyevunyevu wa pumzi ulikuwa ukila vyuma polepole. Tumia pamba yenye spiriti kidogo, futa meno ya kaseti mpaka pamba itoke safi, halafu iache ikauke.

Sasa habari mbaya. Bunduki ya bata haitafanya kazi kwenye runinga bapa hata ukiifunga kwa ustadi gani. Ukivuta kifyatulio, mashine huigeuza skrini yote kuwa nyeusi kwa kitambo kidogo sana, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata, na kijicho kilichomo ndani ya bunduki hutazama kama kinauona mwanga huo katika nukta hiyo hiyo. Runinga ya chogo huchora picha papo hapo, lakini bapa huichelewesha, kwa hiyo jibu huja wakati mashine imeshaacha kusikiliza. Ushauri wangu ni kwamba muitoe ile ya chogo stoo. Ni nzito, ndiyo, lakini vijana wenye nguvu watakuwapo, na picha za gemu hizo zilichorwa kwa ajili ya vioo vya namna hiyo. Kwenye bapa kubwa Mario anaonekana kama amekatwa kwa panga.

Kwa swali lako la pili sina utaalamu mkubwa, ila ningechagua gemu ambazo wachezaji wawili wako upande mmoja. Ile ya vifaru, Battle City, iliyotolewa na Namco mwaka 1985, ni nzuri kuliko zote kwa mjomba na mtoto wa dada yake, kwa sababu wote wanamlinda tai mmoja aliyezungushiwa ukuta wa matofali, na risasi ikimpata tai mchezo umekwisha hata kama nyote mna uhai uliobaki. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya hafi, bali huganda kwa muda, na kelele zote za sebuleni hutokea hapo. Pia ina sehemu ya kujenga ramani yenu wenyewe kabla ya kucheza, jambo ambalo watoto wadogo hulipenda kuliko vita yenyewe.

Mwana wa Vuga (Unguja)

Assalaam alaykum. Nimemsoma fundi kwa faida, lakini nadhani jibu la swali la pili halimo ndani ya mashine. Pedi ni mbili, na hata ukiweka sheria ya anayefungwa apishe, kijana hodari wa mpira atakaa kwenye kiti kutoka adhuhuri hadi magharibi na wazee hawatagusa kitu. Kwetu Unguja msimu mkubwa wa michezo ya kukaa ni usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, na ukizunguka barazani utaona kwamba inayokusanya watu ni ile ya wanne wanne: dumna (domino), keram na karata.

Wanne maana yake ni timu mbili, na wenza hukaa wakitazamana. Hapo ndipo pana siri ambayo ningependa uitumie: mtoto wa darasa la tano asipangwe na mwenziwe wa darasa la tano, apangwe na bibi yake. Katika dumna kila mmoja hushika vipande saba kati ya 28, kwa hiyo bibi anakumbuka ni namba zipi zimeshatoka na mjukuu anajifunza kwa kumtazama anavyosita kabla ya kuweka. Hawaruhusiwi kusemezana, na bibi aliyelelewa vizuri atakohoa tu.

Keram itakugharimu zaidi kwa kuwa ubao wenyewe ni mkubwa, lakini mkiweza kuupata, nunueni. Kete ni 19, tisa nyeupe, tisa nyeusi na moja nyekundu ambayo sisi tunaiita malkia, na anayemtia malkia shimoni lazima afuatishe kete yake nyingine, la sivyo malkia anarudishwa kati. Nyunyizeni poda ili kete ziteleze. Mchezo huu haujali umri hata kidogo. Nimeona watoto wenye vidole vyepesi wakiwatoa jasho watu wazima waliokuja na maneno mengi.

Kwa karata, ikiwa shemeji zako wa pwani watakuwapo, waombe wawafundishe wahedi wa sitini. Pointi zote zilizomo ni 120, kwa hiyo anayefikisha 61 ameshinda, na ubishi wa kuhesabu mwishoni ni nusu ya raha yenyewe. Ludo waachieni walio wadogo kabisa, kwa sababu dadu humpendelea yeyote na mtoto wa miaka sita anaweza kumshinda baba yake bila kuhurumiwa.

Mkaazi wa Nakuru

Naunga mkono hoja ya dada wa Unguja, nami naongeza jambo moja kutoka kwetu Kenya, ambako Desemba hakuna safari ya kwenda ushago isiyokuwa na pakiti ya kadi, yaani karata, mfukoni. Ugomvi wa sikukuu nyumbani kwetu haujawahi kuletwa na siasa kama ulivyoletwa na sheria za kadi, kwa maana kila aliyetoka mjini huja na sheria za mtaa wake. Mbili humlazimisha anayefuata kuokota kadi mbili na tatu humwokotesha tatu. Hapo wote wanakubaliana. J huruka mtu, K hugeuza mzunguko, nane na Q ni maswali yanayodai jibu. Lakini je, mtu aliyewekewa mbili anaweza kujibu kwa tatu na kumsukumia mwenzake mzigo wote? Je, mtu aweza kumaliza kwa kadi ya swali? Je, aliyesahau kusema "niko kadi" anapokaribia kumaliza anaadhibiwa mara ngapi?

Pendekezo langu ni kwamba jioni ya kwanza, kabla ya mchezo wowote, mtu mmoja anayeheshimika aandike sheria kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Asiwe mchezaji hodari. Hodari huandika sheria zinazompendeza. Kwetu kazi hiyo hufanywa na shangazi ambaye hachezi kabisa, na hukumu yake haikatiwi rufaa. Jambo hili linafaa kwa drafti pia, hasa suala la iwapo kete ya kawaida inaruhusiwa kula ikirudi nyuma, kwa sababu nimeona vizibo vya soda vikirushwa uani kwa ajili ya hilo.

PlayStation usiiache nyumbani hata hivyo. Iwekee saa zake, tuseme baada ya chakula cha mchana wakati wazee wamelala, weka mechi za dakika tano, na ratiba iwe ya mtoano ili anayefungwa atoke na nafasi ije kwa mwingine. Kwa kuwa ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, pedi na memori kadi zake bado zinapatikana madukani ikiwa zako zimechakaa.

Mrombo wa Mjini (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana, wakubwa. Ya chogo itatolewa stoo, dumna nitanunua Kariakoo kabla ya kusafiri, na mwandika sheria atakuwa mama mkubwa, ambaye hata padri humsikiliza. Limebaki bao. Ningependa babu apate mpinzani kabla likizo haijaisha, lakini vijana wa kwetu wanaogopa. Mimi mwenyewe ujuzi wangu wote ni wa Bantumi kwenye Nokia 3310. Je, huo unanisaidia chochote mbele ya mzee?

Mtaji wa Tanga

Unakusaidia kidogo, na katika jambo moja utakuponza. Bantumi ina safu mbili na ghala, na kete ikishaingia ghalani imetoka mchezoni. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, safu mbili kwa kila mchezaji, na kete 64 ambazo hazitoki ubaoni kamwe. Unachokula kwa mwenzako unakipanda upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na chaweza kuliwa tena baada ya zamu moja. Mtu aliyezoea simu huhesabu kete alizonazo na kujiona tajiri, kumbe mchezo huamuliwa na safu ya mbele: ikibaki tupu umekwisha, hata kama ya nyuma imejaa.

Usimkalishe kijana moja kwa moja mbele ya bao kamili. Huko kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na 22 mkononi ambazo huingizwa moja moja katika hatua ya namua, na kila zamu ina sharti lake: ukiweza kula lazima ule, usipoweza unatakata, yaani unapanda bila kula. Mgeni hupotelea hapo kabla ya kuonja utamu. Wazee wetu walikuwa na njia ya kufundishia, ambapo kete zote hupangwa mbili mbili katika kila shimo, hakuna namua wala nyumba, na mchezo huanzia moja kwa moja kwenye mtaji, ile hatua ya pili ambayo kete zote ziko ubaoni. Mwombe babu aanze na vijana hivyo, tena ubao ukae barazani mahali pa kupitia watu, usiwekwe chumbani, kwa sababu watazamaji wa bao huwa hawanyamazi na mtoto hujifunza mengi kwa kusikia kwa nini amekosea.

Wakae wawili wawili dhidi ya babu, washauriane kwa sauti. Mzee hatadhurika, na atafurahi kusikia wanavyofikiri. Umeme ukikatika jioni, wekeni taa ya chemli upande wa kushoto wa ubao ili mkono wa kupandia usitie kivuli mashimoni. Halafu siku utakapoona kijana amehesabu mpaka mahali kete ya mwisho itakapoangukia kabla hajagusa shimo lolote, mwambie babu sasa wanaweza kuhamia kwenye namua, na ajiandae kuulizwa ni wakati gani wa kuisafirisha nyumba, yaani kuzipanda kete zake zote, kwa sababu swali hilo litachukua siku zote zilizobaki mpaka mwaka mpya.